Bastola ya upepo ya kwanza: usianze na bei, anza na umbo



Wiki chache zilizopita mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa kule Kasapa, aliniandikia usiku: «Yaya, minatafuta pistole ya mupepo, ile ya mchezo wa kulenga. Kuko mutu anatoka Dubai, anaweza kuniletea. Minunue gani?» Akatuma picha tatu. Zote zilikuwa nyeusi, za chuma, zimetengenezwa zifanane na bastola ya polisi mpaka kwenye mikwaruzo ya mpini.

Nilimjibu: «Mdogo wangu, hata moja. Tutaongea.» Tukaongea kwa siku tatu. Naandika maongezi yale hapa kwa sababu tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, vijana wengi wameniuliza swali hilo hilo. Wote wameona picha ya Yusuf Dikeç, yule baba wa Uturuki mwenye miaka 51, fulana yake, miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Watu wakasema: kumbe ni rahisi vile! Wakasahau kwamba ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Na wengi hawakuangalia vizuri kitu alichoshika. Nitarudi kwenye kitu hicho.

Mimi si bingwa. Nilisoma miaka miwili Liège, Ubelgiji, na huko nilikuwa naenda klabu ya kulenga shabaha mara mbili kwa wiki. Nilichojifunza kule ni kidogo, lakini kinatosha kumzuia mdogo wangu asipoteze pesa, na asipoteze kitu kikubwa kuliko pesa.

Kwanza, hadithi moja

Mwaka niliorudi L'shi, rafiki yangu alikuwa ametoka safari na bastola ya upepo, ile inayotumia kichupa cha gesi. Ilikuwa nyeusi, nzito, nzuri kwa macho. Jumapili tukaenda shambani kwa mjomba wake, upande wa barabara ya Kasenga, tukapiga machupa ya plastiki mpaka jioni. Tulicheka sana siku ile.

Wakati wa kurudi giza lilikuwa limeanza. Bastola tuliiacha kati ya viti viwili vya mbele, bila mfuko, bila kitambaa. Mbele kukawa na kizuizi. Askari akamulika tochi ndani ya gari, akaona mpini. Nilisikia silaha inakokiwa. Dakika iliyofuata tulikuwa tumelala chini, uso kwenye vumbi, mikono kichwani, na mtu anapiga kelele juu yetu. Rafiki yangu alitaka kuinuka aeleze kwamba ni ya mchezo. Nashukuru Mungu hakuinuka.

Mkubwa wao alipofika aliichukua, akaifungua, akaona kichupa cha gesi. Alituangalia muda mrefu, akasema: «Usiku mimi sioni mupepo. Minaona pistole.»

Alikuwa na haki. Kosa lilikuwa letu, si lake. Huu ni mji ambao tarehe 23 Machi 2013 uliona wanamgambo wakitembea mpaka katikati, na watu wakafa. Ni mji ambao familia nyingi zinaijua sauti ya wezi wenye silaha usiku. Hapa mtu hawezi kuangalia umbo la bastola kwa utulivu. Njo sababu ushauri wangu wa kwanza haufanani na ule unaosoma kwenye vitabu vya Ulaya. Kule wanaanza na bei, au nguvu, au kampuni. Sisi huku tuanze na umbo.

Kitu alichoshika Dikeç

Sasa angalia picha ile tena. Bastola ya mashindano ya mita 10 haifanani na bastola ya polisi. Mtutu ni mrefu na mwembamba, chini yake kuna silinda ya hewa, na mpini ni kipande kikubwa kinachozunguka mkono kama soli ya kiatu inavyoshika mguu. Mara nyingi ina rangi za kuonekana: bluu, nyekundu, fedha. Hailingani na kitu chochote ambacho jambazi angeficha kiunoni. Ukiiweka mezani mbele ya mtu asiyejua chochote, atauliza kwanza: «Hii ni mashine ya nini?» Swali hilo ni zuri. Linakupa muda wa kueleza.

Bastola zile tatu za mdogo wangu hazimpi mtu muda wa kuuliza. Zimetengenezwa kusudi zidanganye jicho. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mtu wa Lubumbashi, au Likasi, au Kolwezi: kama inaweza kudhaniwa kuwa bastola ya kweli ukiwa umbali wa mita tano, iache kwa muuzaji. Hata kama ni ya bure.

Mchezo wenyewe unataka nini

Ukijua kanuni za mchezo, nusu ya uchaguzi imeshafanyika. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1988 kule Seoul, wanaume na wanawake. Unasimama mita 10 mbele ya shabaha. Unalenga kwa mkono mmoja, bila kuegemea kitu. Ule mkono wa pili mfukoni si maringo, ni kuutuliza tu usicheze. Unapiga risasi 60 katika dakika 75, maana yake dakika moja na robo kwa kila risasi. Si mchezo wa haraka hata kidogo.

Risasi ina upana wa milimita 4.5. Shabaha nzima ina upana wa milimita 155.5, na duara la kumi, lile la katikati, lina milimita 11.5 tu. Ni dogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Bastola haitakiwi kupita gramu 1500, na gasheti lazima ihitaji uzito wa gramu 500 au zaidi kabla haijaachia. Ukitundika pakiti ya nusu kilo ya sukari kwenye gasheti, haitakiwi kufyatuka kabla ya hapo.

Hakuna kanuni inayokupa alama kwa nguvu. Tundu kwenye karatasi ni tundu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia «hii inapiga haraka sana», mwambie asante, uangalie ingine.

Nguvu: ndogo kwa karatasi, kubwa kwa jicho

Tufanye hesabu kidogo, tuko wasomi. Risasi ya mashindano ina uzito wa karibu nusu gramu. Bastola nzuri ya mita 10 inaitupa kwa mwendo wa mita 120 hadi 150 kwa sekunde. Chukua nusu ya uzito, zidisha kwa mwendo mara mwendo: unapata kati ya jouli 3.6 na 5.6. Bastola ya kivita ya milimita 9 inatoa karibu jouli 500. Ni mara mia hivi.

Lakini usidharau. Jouli nne zinatosha kutoboa jicho la mtoto na kulizima maisha yote. Hata nchi zinazouza vitu hivi madukani zimeweka mipaka: Ujerumani, silaha ya upepo iliyo juu ya jouli 7.5 inahitaji kibali, na hata ya chini huuziwi kama hujafika miaka 18. Uingereza, bastola ya upepo iliyopita karibu jouli 8 imepigwa marufuku kwa raia. Wenyewe hawaiiti mwanasesere. Kwa hiyo na sisi tusiiite «ya upepo tu». Neno hilo «tu» njo linaumiza watu.

Juu ya nini mpini ni muhimu kuliko mtutu

Hii sehemu ndiyo ilimbadilisha mdogo wangu, maana anapenda hesabu.

Bastola ina vitu viwili vya kulengea: sindano ya mbele, na mwanya wa nyuma. Chukua bastola yenye milimita 320 kati ya hivyo viwili. Sasa mkono wako unatetemeka, kama mkono wa kila mtu. Kuna namna mbili za kutetemeka.

Namna ya kwanza: bastola nzima inasogea upande milimita 5, lakini sindano inabaki katikati ya mwanya. Risasi nayo inakwenda milimita 5 pembeni. Bado uko ndani ya kumi.

Namna ya pili: mkono hausogei, lakini sindano inatoka katikati ya mwanya kwa milimita moja tu. Gawa 1 kwa 320, zidisha kwa mita 10: risasi inakwenda karibu milimita 31 pembeni. Umetoka kwenye kumi mpaka ukingo wa saba. Kwa milimita moja!

Nini kinasababisha kosa hilo la pili? Mara nyingi ni mkono kukunjika kwenye kiwiko cha kiganja wakati wa kubonyeza gasheti. Kidole kinavuta, kiganja kizima kinafuata. Kwa hiyo bastola nzuri ya kwanza ni ile ambayo mpini wake unaujaza mkono wako, ukikamata mara kumi unakamata sawasawa mara kumi, na gasheti yake inaachia laini, bila kukuvuta. Ukipata nafasi ya kuishika kabla ya kununua, fanya jaribio hili: funga macho, inua mkono, fungua macho. Kama sindano imekaa karibu na katikati ya mwanya bila wewe kurekebisha, mpini unakufaa. Kama imekwenda kushoto au juu, mpini ule si wako, au unahitaji kuchongwa.

Angalia pia mkono. Mipini mingi ya mashindano ni ya mkono wa kulia au wa kushoto, haigeuzwi. Mtu wa kushoto akinunua ya kulia kwa sababu bei ilikuwa tamu, atajuta. Na mpini wa saizi kubwa kwenye mkono mdogo ni kama kiatu namba 44 kwa mtu wa 38.

Gesi, hewa iliyojazwa, au pampu ya mkono?

Bastola za upepo za kulenga zinagawanyika kwa namna zinavyopata nguvu. Tuziangalie tukiwa huku kwetu, si Liège.

Ya kwanza ni ya gesi, ile ya kichupa cha gramu 12 cha gesi ya kaboni. Ni rahisi, haichoshi mkono. Lakini gesi hiyo inabadilika na joto. Kwenye nyuzi 20 inasukuma kwa bari 57 hivi. Kwenye nyuzi 10, bari 45. Kwenye nyuzi 30, bari 72. Sasa mnajua asubuhi za L'shi mwezi wa sita na wa saba, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, halafu saa nane mchana unavua koti. Bastola moja, siku moja, risasi zinapiga chini asubuhi na juu mchana. Anayeanza hatajua kama kosa ni lake au la gesi. Zaidi ya hapo, vichupa vinaisha, na mashirika ya ndege hayakubali vibebwe hovyo kwenye mizigo. Ukiishiwa, unabaki na chuma.

Ya pili ni ya hewa iliyojazwa, bari 200 ndani ya silinda. Hizi ndizo za mabingwa: Steyr, Morini, Feinwerkbau, Walther, Pardini. Ni tamu kweli, haziruki mkononi, kila risasi inafanana na nyingine. Lakini mpya ni ghali sana, na inabidi uwe na chupa kubwa ya hewa au pampu maalumu ya kujaza, na hewa yenyewe iwe safi na kavu. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Pia silinda ina tarehe ya mwisho ya kutumika, imeandikwa juu yake. Watu wengi wanauziwa ya mkono wa pili kwa bei ndogo, kumbe silinda imepita muda. Hii si ya kuanzia, labda klabu inunue moja kwa wote.

Ya tatu ni ya pampu ya mkono, unabana mara moja kwa kila risasi. Unafungua mkono wa pampu, unaufunga, hewa imebanwa, unaweka risasi, unapiga. Haihitaji gesi, haihitaji chupa, haihitaji umeme. Joto likipanda au likishuka, haisumbuki sana. Mkono unachoka, ni kweli, mara 60 si mchezo. Lakini kuchoka huko kuna faida: kunakulazimisha kwenda polepole, na huu ni mchezo wa polepole. Kwa mji ambao kila kipuri kinatoka mbali, mimi nasema hii ndiyo ya kuanzia.

Katika hizo za pampu, majina matatu utayasikia sana. Gamo Compact ya Uhispania: nyepesi, chini ya kilo moja, mpini wa mbao wa kimichezo, inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. IZH-46M ya Izhevsk, Urusi: ndefu, karibu kilo 1.3, umbo la mashindano kweli, wengi wameipenda kwa miaka, ila ile utakayoipata huenda ni ya mkono wa pili, kwa hiyo angalia mipira yake ya ndani kama bado inabana hewa. Weihrauch HW 75 ya Ujerumani: ufundi mzuri sana, lakini umbo lake linafanana na Colt ya kijeshi. Kwa mtu wa Liège, chukua. Kwa mtu wa Lubumbashi, kanuni yangu ya kwanza inakataa.

Zile zinazotumia vigololi vya chuma, ziache zote. Kigololi kinagonga kitu kigumu kinarudi kwako, na kwenye mita 10 hakina adabu. Mchezo huu unatumia risasi laini ya kichwa bapa, inayokata karatasi tundu safi la duara, mtu anaweza kuhesabu alama bila ugomvi. Kopo moja la risasi 500 linakupeleka mazoezi nane ya risasi 60.

Risasi ni sumu pia

Kiswahili kimetufanyia jambo la akili: risasi ni jina la kitu kinachopigwa na pia jina la madini yenyewe. Na madini hayo ni sumu. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa sana. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vyetu, wakakuta kobalti nyingi kupita kiasi, na madini mengine pia, risasi ikiwemo. Tayari tunabeba mzigo. Tusijiongezee.

Kwa hiyo: usiweke risasi mdomoni, kama nilivyoona watu wakifanya ili mikono iwe huru. Usile mahali pa kupigia. Nawa kwa sabuni ukimaliza. Nyuma ya shabaha weka sanduku lililojaa nguo kuukuu zilizobanwa vizuri, au bamba la chuma lililoinamishwa, likusanye risasi zote. Usizifagie zikaingia kwenye bustani ya mama.

Karatasi kabla ya bastola

Kongo tuna sheria ya silaha, ile amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Inaweka silaha chini ya ruhusa ya serikali. Usimsikilize rafiki anayekuambia «ya upepo haimo, pitisha tu». Huyo hatakuwepo pale forodha watakapofungua mzigo wako.

Fanya hivi: andika barua kwa idara ya mkoa inayoshughulikia mambo ya ndani. Eleza aina, kipimo cha milimita 4.5, nguvu kwa jouli, kazi yake ni mchezo, mahali itakapotunzwa, nani atasimamia. Weka picha. Omba jibu la maandishi, chukua nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ngoja jibu. Ndiyo kwanza ulipe muuzaji. Wakati wa kusafirisha, tangaza kitu chako kwa shirika la ndege na kwa forodha, mbele na si baada ya kuulizwa. Ruhusa iliyokuja nyuma ya bastola mara nyingi haiji kabisa.

Na usiandike peke yako. Barua ya mtu mmoja anayetaka bastola inasomwa namna moja. Barua ya vijana kumi wenye mwalimu, mahali, ukuta wa matofali na kabati la chuma lenye kufuli mbili inasomwa namna ingine. Bastola ikae pale pa mazoezi, si nyumbani, si ndani ya gari, si kwenye begi la shule. Ikisafiri, iwe ndani ya sanduku lililofungwa, haina hewa, haina risasi, karatasi zake juu.

Kama ruhusa inachelewa, kuna njia ingine ya heshima: bastola ya leza. Mchezo wa pentatloni ya kisasa uliacha risasi za upepo, na tangu London 2012 Olimpiki yao inatumia leza. Unajifunza kusimama, kupumua na kubonyeza gasheti, bila sumu, bila jicho la mtu kuwa hatarini. Lakini kanuni ya umbo inabaki pale pale: isifanane na ya polisi.

Unaweza kuanza leo usiku

Mdogo wangu akaniuliza: «Sasa yaya, mingoje na mikono mitupu?» Nikamwambia hapana. Chukua chupa ya maji ya lita moja, hiyo ni kilo moja, uzito wa bastola yenyewe. Simama upande, miguu upana wa mabega, mkono mmoja mfukoni. Inua chupa mpaka usawa wa macho, shika sekunde 10, shusha, pumzika dakika moja. Mara 20. Fanya hivyo kila siku mwezi mmoja. Nusu ya watu wanaoniuliza habari za bastola wanaacha kwenye wiki ya kwanza ya chupa. Wamejiokolea dola nyingi, na mimi nawapongeza.

Javad Foroughi wa Iran alichukua dhahabu ya mchezo huu Tokyo, mwaka 2021, akiwa na miaka 41. Kazi yake ilikuwa uuguzi. Nawaambia hivyo wale wanaodhani wamechelewa, na wale wanaodhani kitu cha kununua ndicho kinachofanya mtu.

Kwa kifupi, mtu akikuuliza inbox kesho, mjibu kwa mpangilio huu: mahali, watu, karatasi, halafu bastola. Na bastola yenyewe: umbo la mchezo, pampu ya mkono, mpini wa mkono wako, gasheti laini, risasi za kichwa bapa.

Mdogo wangu hakumtuma yule mtu wa Dubai. Sasa wako saba, wasichana watatu na vijana wanne. Barua yao imepokelewa, nakala yenye muhuri wameniletea nione. Jibu bado. Jumamosi jioni wanakutana kwenye uwanja wa nyumba moja, wamechora duara kwenye ukuta, kila mmoja na chupa yake ya maji, mkono mmoja mfukoni. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza: «Muko nafanya nini, bana?» Wakamweleza bila wasiwasi. Alicheka, akaenda zake.